Pima kwa Maharage: Kula Vizuri kwa Bei Ndogo Katikati ya Dar es Salaam

Mlinzi wa hoteli anajua. Nimekuwa nikija Dar es Salaam kikazi kwa miaka mingi, nikilala kwenye hoteli za Kisutu na pembezoni mwa Kariakoo, na katika kutafuta chakula kizuri cha bei ndogo sijapata mwalimu wa kumshinda mtu wa getini. Ila swali nalo lina namna yake. Ukimuuliza dada wa mapokezi wapi kuna chakula kizuri, atakutazama viatu na begi, atakuheshimu, na heshima hiyo itakufikisha kwenye mgahawa wenye kiyoyozi na bei inayofanana nacho. Mwendee mlinzi, msalimie sawasawa, kisha umuulize: "Kaka, wewe mchana unakula wapi?" Swali hilo halimpi nafasi ya kukukisia. Atanyoosha mkono kuelekea uchochoro ambao umeupita mara tatu bila kuuona.

Kutouona si kosa lako. Mwishoni mwa 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kwenye hifadhi za barabara na mbele ya maduka, mama lishe wengi wa katikati ya jiji waliingia ndani: nyuma ya majengo ya ofisi, kwenye nyua za gereji, kando ya viwanja vinavyojengwa, chini ya ngazi. Mgeni anayesimama mlangoni mwa hoteli yake Mtaa wa Jamhuri au Samora anaweza kuapa kwamba hakuna chakula cha bei ndogo eneo zima. Kipo hatua mia moja tu, nyuma ya ukuta.

Sahani ya mchana huko huwa kati ya shilingi 2,000 na 4,000, kutegemea mtaa na kitoweo. Samaki mkubwa hupandisha bei. Kwa bufee ya mtu mmoja kwenye hoteli kubwa ya kando ya bahari, watu kumi wangekula kwa mama lishe wakashiba. Lakini unafuu wa bei si habari, maana kila uchochoro unao. Habari ni kwamba kwa bei ileile, mita hamsini kutoka hapo, kuna mama anayepika kwa ufundi na kuna anayechemsha tu, na mgeni mwenye haraka huwaona sawa. Hawako sawa hata kidogo. Huu ni ufundi kama ushonaji au useremala, una siri zake na alama zake, na anayeujua anastahili kutambuliwa na anayemlipa.

Nianze na alama ambayo watu huiamini kupita kiasi: wingi wa wateja. Panapojaa, wanasema, ndipo penye chakula. Mimi huangalia wamejaa akina nani. Makuli na vijana wa mikokoteni wanatafuta kwanza ujazo, na wana haki, kazi yao ni nzito. Mama anayetoa mlima wa wali atawapata hata kama wali wenyewe una mawe. Makarani wa ofisi moja wanaweza kujazana mahali kwa sababu tu ndipo karibu na lango lao. Wateja wanaonishawishi mimi ni mafundi cherehani, wenye maduka madogo na madereva wa teksi wa siku nyingi, watu walioshinda mtaa huohuo miaka kumi na wenye uhuru wa kwenda kwingine. Na zaidi yao wote, mtu aliyekuja na chombo chake kutoka nyumbani. Anayebeba chakula cha mama lishe kwenda kuwalisha wanawe amekwisha kufanya utafiti wako.

Kisha, kabla hujaketi, tazama sahani zinazorudi. Ni shahidi asiye na aibu. Zikirudi zimefutwa, ni sawa. Zikirudi na maharage yaliyosukumwa pembeni huku wali umeisha, kuna jambo kwenye sufuria ya maharage. Zikirudi na mboga nzima haikuguswa, mboga hiyo ina mchanga.

Sasa nifike kwenye maharage yenyewe, kwa sababu ndiyo kipimo changu. Nyama inaweza kuokolewa na viungo, na samaki akaokolewa na mafuta ya moto. Maharage hayana wa kuyaokoa. Ni kitoweo cha bei ya chini kuliko vyote mezani, anayeyaagiza ndiye anayelipa kidogo kuliko wenzake, na mpishi mvivu huyaona kama kijalizo tu. Mama anayeyapika kwa uangalifu anakuonyesha jinsi anavyomtazama mteja wa shilingi 2,000. Kwa hiyo siku ya kwanza usiagize nyama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba, karibu. Nikutilie nini?"

"Wali maharage, na mboga."

"Nyama sikuwekei? Ipo nzuri."

"Leo naanza na maharage, mama."

Baadhi yao hucheka hapo, maana wanajua wanapimwa. Na hilo neno la kutilia ndilo lililozaa jina lao la zamani, mama ntilie: mteja anasimama na kusema, mama, nitilie. Mama lishe ni jina la baadaye na lina heshima zaidi, na usoni pao ndilo ninalotumia. Lakini la zamani nalipenda kwa kuwa limebeba sauti ya mtu mwenye njaa anayemwamini mwingine.

Maharage yaliyoiva vizuri yana ganda zima. Libane moja kati ya ulimi na kaakaa: lote lilainike kwa pamoja, bila punje ngumu katikati, bila ganda kubaki mdomoni kama karatasi. Hilo hupatikana kwa kuyaloweka usiku na kuyachemsha kwa moto mdogo tangu alfajiri. Aliyechelewa hutia magadi. Magadi huyalainisha haraka lakini hayafichiki: maganda yanavuka na kuelea, mchuzi unateleza, na mwisho wa tonge kuna ladha ya sabuni. Mchuzi unatakiwa uwe mzito kwa maharage yenyewe; mpishi hodari huponda upawa mmoja pembeni na kuurudisha sufuriani. Kitunguu kiwe kimekaangwa hadi kikawa cha kahawia. Nyanya ziwe zimeiva hadi mafuta yakajitenga juu, kwani nyanya iliyoharakishwa hujulikana kwa ukali wake na kwa vipande vya ganda vilivyojikunja kama kucha.

Likitiwa tui la nazi, jepesi hutangulia na zito huingia mwisho, nalo hukorogwa bila kuachwa, vinginevyo linakatika na kuelea madonge meupe juu ya maji. Maharage ya nazi yaliyopikwa hivi ni chakula ambacho sitakiacha kwa ajili ya nyama ya mtu yeyote. Lakini ndiyo pia huchacha kwanza kwenye joto la Dar es Salaam. Ukiona sufuria imeshatoka motoni nayo bado inatoa viputo vidogo vidogo juu, hapana kuonja. Aga kwa heshima uondoke.

Mtihani wa pili ni wali, na hapa ufundi ni mkubwa zaidi kwa sababu mama anapika kilo nyingi kwa pamoja, na kosa la dakika tano haliwezi kurekebishwa. Kila mtu anajua wali bokoboko na wali wenye kiini. Sehemu ngumu ni kusoma kilichosababisha. Ukikuta kwenye kijiko kimoja punje zilizopasuka na punje zenye kiini, kosa huenda si la moto. Mchele umechanganywa: wa Kyela au wa Mbeya wenye harufu umetiwa mchele mwingine wa bei ya chini, na aina mbili haziivi pamoja. Mara nyingi mchanganyo huo umefanyika dukani kabla mama hajaununua, ila mama mzoefu huutambua kwa kuumwaga kwenye ungo, na halipii mara ya pili. Wali unaong'aa sana nao usikudanganye. Ukimaliza kula, sahani iwe na unyevu kidogo tu; ikibaki na tabaka la mafuta, yametiwa mengi ili punje ziachane kwa nguvu badala ya kuachana kwa kupimiwa maji sawasawa.

Mkaa ndio uliomfundisha mpishi wa pwani kumaliza wali. Maji yakikauka, makaa hupunguzwa chini na mengine huwekwa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Joto linashuka kutoka juu, linakutana na la chini, na wali unajimalizia polepole katikati. Uliopaliwa vizuri una juu pakavu kidogo, penye harufu, na chini ukoko wa rangi ya andazi. Ukoko mweusi ni wa moto ulioachwa bila mwangalizi. Pasipo ukoko kabisa kwenye jiko la mkaa, wali ulitolewa mapema.

Siku hizi wanaopika kwa gesi wanaongezeka. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na kwa mapafu na macho ya akina mama waliovuta moshi maisha yao yote nafurahi kwa moyo mweupe. Lakini gesi haina makaa ya kupalia, hivyo ufundi umehamia kwingine. Wali wa gesi hukaushwa kwa moto mdogo kabisa, kifuniko kimebanwa, kisha wengi huuhamishia kwenye hotipoti kubwa ujimalizie kwa joto lake. Ukikaa humo muda mrefu mno, mvuke hugeuka maji na tabaka la chini hulowa. Omba utiliwe kutoka katikati. Wapo pia wanaofunika wali kwa nailoni chini ya kifuniko ili mvuke usitoroke. Plastiki na chakula cha moto havikai pamoja. Nikiona ukingo wa nailoni ukichungulia, siketi, hata kama maharage yananukia vipi.

Mboga na samaki nitavipitia haraka. Mchicha ukiuma meno, haukuoshwa vya kutosha, na huyo hakuosha vingine pia. Kisamvu ni kazi ndefu: majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi, lazima yatwangwe na kupikwa sana, kwa hiyo mama mwenye kisamvu laini cha nazi katikati ya wiki ni mtu asiyeogopa kazi, mheshimu. Samaki wa kukaanga mwangalie mkia na mgongo. Aliyekaangwa leo ana nyama inayoachana na mwiba kwa kuguswa. Wa jana aliyerudishwa kwenye mafuta ana nyama iliyokaza na mkia mweusi unaovunjika kama kaa. Ukitaka kumjua samaki kwa kweli, tembea hadi soko la Feri, Kivukoni, ambako si mbali na Posta ya Zamani. Utachagua changu au kibua wako mwenyewe akiwa mbichi, macho yake angavu na mashavu mekundu, na wakaangaji wapo hapohapo. Huko nako tazama rangi ya mafuta kabla hujakabidhi samaki wako. Mafuta meusi yanayotoa povu yamekaangia wengi mno.

Kuhusu usafi, watu hutazama meza. Meza ya mbao iliyochakaa haijawahi kumuumiza mtu. Tazama maji. Kipindupindu kilipoibuka Dar es Salaam Agosti 2015, biashara ya chakula barabarani ilibanwa sana, na ndoo yenye koki na sabuni pembeni ikawa kitu cha kutazamiwa kila mahali. Ndoo pekee haitoshi. Angalia kama ina maji, na kama sabuni imelowa, ishara kwamba inatumika. Kisha nenda kwa anayeosha vyombo. Mabeseni yawe matatu: la sabuni, la kusuuza, la kusuuza tena. Usipoteze muda kwa la kwanza. Maji ya beseni la tatu ndiyo yanayobaki kwenye sahani yako, basi yatazame rangi. Na jambo moja ambalo wengi hawaliangalii: nani anapokea fedha? Mahali pazuri, mkono unaopakua haushiki noti. Kuna binti au kijana wa kupokea, au bakuli ambamo mteja anaweka mwenyewe na kuchukua chenji.

Saa nayo ni sehemu ya ubora, pengine kuliko vyote nilivyosema. Chakula hiki kinapikwa kwa ajili ya mlo mmoja. Sufuria hufunuliwa kati ya saa tano na nusu na saa sita mchana, na hadi saa saba na nusu kiko kwenye ubora wake. Baada ya saa tisa hakuna tena cha kupima. Niliwahi kukawia kwenye kikao, nikatoka saa kumi, njaa ikanipeleka kwa mama ambaye mchana uliotangulia alinilisha vizuri sana. Nyama ilikuwa ya vuguvugu, na mwenyewe alisita kunitilia, nilimsihi. Usiku kucha sikulala. Kosa lilikuwa langu, kwani kusita kwake kulikuwa kauli ya fundi anayejua mwisho wa kazi yake, nami sikuisikia. Siku hizi mama akisita, namshukuru na kwenda kununua ndizi.

Asubuhi kanuni ni nyingine. Kuanzia saa moja hadi saa nne ni wakati wa supu na chapati. Supu ya kongoro iliyochemshwa usiku kucha hunata midomoni. Ile inayotiririka kama maji ya chai imeongezewa maji mara nyingi. Chapati ipasue kwa vidole: matabaka yafunguke, si kukatika kama karatasi nene. Kitumbua kiwe na matundu ndani na harufu ya hiliki, kingo zake zivunjike kidogo.

Jioni mitaa ya katikati hubadilika, mama lishe wamefunga, na kwenye mitaa ya Libya na Jamhuri moshi wa kuku na mishkaki ndio unaoongoza watu. Huko bei ni kubwa kidogo na ufundi ni wa moto tu: mshikaki mzuri umelowekwa kwa papai bichi au ndimu na tangawizi, unaungua pembezoni na ndani bado una maji. Chipsi mayai sina neno nazo zaidi ya kuomba zikaangwe upya mbele yako.

Mwisho wa wiki umakini uongezeke. Ofisi zikifungwa, mama lishe wa Posta na Samora wengi hawafungui, na aliyefungua anaweza kuwa na kiporo cha Ijumaa. Jumamosi vuka Mnazi Mmoja uende Kariakoo, ambako hakuna siku ya kulala. Eneo hilo lilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo linalisha wanaobeba mizigo. Wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Comoro na Malawi wanaokuja kununua bidhaa hukaa humo wiki nzima, nao wana macho makali kwa ugali. Jamaa mmoja wa Lubumbashi, ambako ugali wanauita bukari, alinionyesha kipimo chake. Unafinyanga tonge, unalibonyeza kwa dole gumba kutengeneza kishimo cha kuchotea mchuzi, na kishimo kinatakiwa kisimame bila kupasuka kingo wala unga kubaki kidoleni. Tangu siku hiyo sijala ugali bila kubonyeza.

Na Ijumaa ni pilau. Karibu na misikiti ya Kisutu na Kariakoo, mama aliyepika wali wiki nzima siku hiyo anakaanga vitunguu hadi vikawa vyeusi kidogo bila kuungua, maana humo ndimo rangi ya pilau inamotoka, wala si kwenye viungo vya unga. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu chache. Ukikuta karafuu imezidi zote, mkono ulitetereka. Ukiweza, fika kabla swala haijaisha. Ukichelewa, utaikuta sufuria imeinamishwa, dada anakwangua chini kwa mwiko wa chuma, na watu wawili wamesimama kimya wakimtazama. Simama nao. Wanausubiri ukoko.